Sura ya Saba: Duara la Adungu

Mtu akikwambia sokoni Koboko kwamba anakijua kinubi, muulize kwanza ni kinubi kipi. Huenda anasema lugha ya Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliokuwa chini ya gavana Emin Pasha, ambao Kiarabu chao cha kambini kilizaa lugha inayosikika mpaka leo Koboko, Arua, Bombo na hata Kibera kule Nairobi. Huenda pia anamaanisha ile ala ya nyuzi ambayo msomaji wa Zaburi amezoea kuiona mikononi mwa Daudi. Neno ni lile lile, na hapa kwetu West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, maana zote mbili zinaishi mtaa mmoja.

Kinubi hiki cha pili kina majina mengi. Wamadi wa Moyo na Adjumani wanacho chao, o'di, chenye bakuli chini na mikono miwili inayobeba nyuzi. Wanuer waliovuka mpaka wakikimbia vita vya Sudan Kusini wamekuja na thom. Waalur wa Nebbi, Pakwach na Zombo, pamoja na ndugu zao wa Mahagi upande wa Kongo, wana adungu. Sura hii ni ya adungu, kwa sababu ndiyo iliyotoka kwa wenyewe ikapanda barabara kwenda kaskazini, ikaingia makanisani na shuleni kwa Walugbara na Wakakwa, ikazoeleka hata mtoto wa Arua asijue tena kwamba ilikuja na wageni. Tena ilipofika ilifundisha watu kukaa duara, na hilo duara ndilo ninalotaka kulitetea.

Tuanze na chombo chenyewe. Fundi huchimba kipande cha mti mwepesi mpaka kibaki na umbo la mtumbwi mdogo. Analeta ngozi ya ng'ombe iliyolowekwa ikalainika, analaza kipande kimoja juu ya mdomo wa mtumbwi na kingine mgongoni, anatoboa kingo, kisha anazishona pamoja kwa kanda za ngozi, akivuta kila mzunguko kwa mikono miwili huku goti limeukandamiza mti. Hapo hakuna njia ya mkato. Ngozi ikikauka huku imelegea upande mmoja, sauti itakuwa butu upande huo, na dawa yake ni kufumua na kuanza upya. Chini ya ngozi ya juu hupita ubao mwembamba, kama uti wa mgongo, ambao nyuzi zote hufungwa kwake. Shingo iliyopinda kama upinde huchomekwa kichwani mwa mtumbwi, vigingi vikapangwa juu yake, na kila uzi ukapanda kutoka kwenye ngozi hadi kwenye kigingi chake, mfupi ukitangulia na mrefu ukifuata. Siku hizi nyuzi ni za nailoni, ile ile ambayo wavuvi wa Ziwa Albert hununua kwa kazi yao.

Fundi mmoja niliyemtazama akifanya kazi hii kando ya barabara alikuwa na kipimo kimoja tu, ukucha wa kidole cha kati. Alikuwa anaudondosha kwenye ngozi, anasikiliza, anaisogeza ala nusu hatua juani, anakaa. Baada ya muda anadondosha tena. Hakuwa na saa wala hakuniambia lolote, lakini baada ya mara ya nne au ya tano hata mimi, nisiye na sikio la fundi, nilisikia ngozi imebadilika, imekaza, inajibu. Msimu wa mvua hali hugeuka. Ngozi hunywa unyevu wa hewa na nyuzi hushuka sauti wimbo ukiwa katikati, ndiyo maana wapigaji huzipasha ala zao joto la jua au la moto kabla ya kuanza. Anayeitunza adungu huishi na hali ya hewa kama mkulima.

Zamani adungu ilikuwa ya mtu mmoja. Mpigaji aliipakata, akaimba juu yake habari za watu na mambo yaliyotokea, wengine wakasikiliza. Katika karne ya 20 ilizaa ukoo. Ikatengenezwa ndogo yenye sauti ya juu, ya kati, kubwa, na besi kubwa kabisa ambayo mpigaji huisimamia ikiwa imekaa chini. Nyuzi saba, nane, tisa, wakati mwingine kumi, na sauti zikapangwa kwa do-re-mi. Sababu yake haijifichi. Shule zilitaka ala ya kufundishia, na makanisa yalitaka ala ya kuongozea nyimbo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika 1962 hadi 1965, uliwafungulia Wakatoliki mlango wa kutumia lugha na ala za kwao ndani ya ibada. Ala iliyokuwa imekaa uani ikapewa nafasi karibu na altare.

Wako wanaosikitika kwamba mpango wa do-re-mi uliufukuza mpango wa sauti wa wazee, na wana haki ya kusikitika. Sikio la mzee halikuwa sikio la piano. Kitu kilipotea pale na hakitarudi kwa urahisi. Lakini nikiambiwa nichague kati ya ala iliyobadilika ikapigwa na ala iliyobaki safi ikaliwa na mchwa, nachagua ya kwanza bila kusita, kwa sababu iliyopigwa bado ina watu.

Angalia wanavyokaa wakati wa mazoezi. Wenye ndogo wanakaa mbele, wa kati wanazunguka, besi iko nyuma. Ndogo hubeba sauti ya wimbo. Za kati hurudia mzunguko mfupi wa nyuzi mbili tatu, tena na tena, na mrudio huo ndio sakafu ambayo wengine wote wanasimama juu yake. Mgeni anapofika hapewi somo wala karatasi. Anapewa adungu ya kati, anawekwa ubavuni mwa anayejua, anatazama vidole. Akikosea, mzunguko haungoji, unampita kisha unarudi, naye anaudandia unapopita tena. Baada ya jioni kadhaa mikono yake inajua jambo ambalo mdomo wake hauwezi kulieleza. Kwa njia hii mtu asiyejua lolote anakuwa na kazi ya kweli katika wimbo siku yake ya kwanza, na wimbo unamhitaji hata kabla hajawa fundi. Sijui shule iliyo bora kuliko hiyo.

Ng'ambo ya bahari kuna watu wanaolijua duara hili vizuri, na habari zao zinatufaa.

Oktoba 1939, mpigaji mandolini kijana wa miaka 28 kutoka Rosine, Kentucky, alipanda kwenye jukwaa la Grand Ole Opry mjini Nashville, kipindi cha redio cha Jumamosi usiku kilichosikika mbali sana kote Marekani. Jina lake Bill Monroe. Bendi yake aliiita Blue Grass Boys, vijana wa nyasi za buluu, kwa heshima ya Kentucky, jimbo linaloitwa kwa jina la nyasi hizo. Wimbo aliotokea nao ulikuwa wa Jimmie Rodgers, mwimbaji aliyekuwa ameuawa na kifua kikuu mwaka 1933. Desemba 1945 alijiunga naye kijana wa North Carolina, Earl Scruggs, aliyepiga banjo kwa vidole vitatu kwa kasi na usafi ambao wasikilizaji wa Opry hawakuwa wameuzoea. Mandolini, banjo, fidla, gitaa na besi, zote bila umeme, na sauti za watu zikipandiana juu kabisa: huo ndio muziki wa bluegrass.

Mwafrika anapousikia asidhani amesikia kitu cha mbali. Banjo ni chombo cha ngozi iliyowambwa juu ya kitu chenye uvungu, na waliokivusha bahari kwa kumbukumbu ya mikono yao ni Waafrika waliouzwa utumwani. Ndugu zake bado wanapigwa Senegambia, mmojawapo ni akonting ya Wajola. Adungu si baba wa banjo, na sitaki kuipa ukoo usio wake, lakini kanuni ni moja: ngozi hai, uzi juu yake, na vidole. Mpigaji banjo wa Marekani Béla Fleck alilijua hilo. Mwaka 2005 alisafiri Uganda, Tanzania, Gambia na Mali akiirudisha banjo kwao, akakaa Busoga na akina mama wa Nakisenyi, akapiga Tanzania na mwanamuziki Anania Ngoliga. Filamu ya safari hiyo ilitoka 2008, na jina lake limechukuliwa kutoka Bagamoyo, mahali pa kubwaga moyo.

Jimmie Rodgers naye alifika kwetu kabla ya banjo ya Fleck, kwa njia ya santuri. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikuwa Kapkatet, Kenya, akirekodi nyimbo za Wakipsigis. Wasichana wakamwimbia habari za kiumbe wa ajabu aliyeitwa Chemirocha, nusu mtu na nusu swala. Walikuwa wamezisikia santuri za Jimmie Rodgers, wakalichukua jina lake wakalitia katika lugha yao, kisha wakamwimbia kwa ala yao wenyewe ya nyuzi. Fikiria basi: mtu yule yule ambaye wimbo wake ulimwingiza Bill Monroe Opry alipewa kwato na mabinti wa Kapkatet. Ndiyo maana sioni aibu kuzungumzia Kentucky nikiwa nimekaa Arua.

Lakini kilichonivuta kwa watu wa bluegrass ni jinsi walivyoponea. Katikati ya miaka ya 1950 rock and roll ilishika redio, na muziki wa Monroe ukaonekana wa kizee, wa shamba. Bendi zikakosa kazi. Mwaka 1965 Carlton Haney aliandaa tamasha la siku kadhaa katika shamba la farasi huko Fincastle, Virginia, na matamasha ya namna hiyo yakaanza kuzaana. Tamasha lilikuwa dirisha tu. Nyuma yake vilisimama vyama vidogo vya wapenzi, mji kwa mji: watu wenye kazi zao, fundi bomba, mwalimu, muuguzi, wanatoa ada ndogo, wanakutana ukumbini au chumba cha kanisa, wanakaa duara. Mmoja anataja wimbo na ufunguo wake. Kila mmoja kwa zamu anapewa nafasi ya kuongoza kwa ala yake, na wakati huo wengine wanashusha sauti ili asikike. Asiyetaka zamu anatikisa kichwa, zamu inapita kwa jirani bila maneno. Mahali pengi kuna duara la pili, la mwendo wa polepole, kwa ajili ya wanaoanza. Hata kwenye matamasha makubwa, wengi huniambia utamu haupo jukwaani. Upo kati ya mahema na magari, ambako wageni wawili wasiojuana majina wanapiga wimbo mmoja kwa sababu wote wanaujua.

Sisi tumeshughulikaje na yetu? Tumehifadhi, na waliohifadhi wanastahili shukrani. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda kutoka 1948, alizunguka nchi akirekodi, na nakala za sauti hizo zimerudishwa Chuo Kikuu cha Makerere, kwenye hazina iliyopewa jina lake. Mwaka 2016, katika kikao cha Addis Ababa, UNESCO iliingiza muziki na ngoma ya kinubi cha Wamadi katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Maelezo yake yanauma: vijana wanaiona o'di kuwa mambo ya kale, na miti na wanyama ambao wazee hutumia kuitengenezea wanazidi kuadimika.

Sina neno baya juu ya hazina wala orodha. Ila sauti iliyofungwa kwenye sanduku haimfundishi mtoto mahali pa kuweka kidole gumba, na cheti kilichotoka Addis Ababa hakikazi uzi uliolegea. Anayeweza kufanya hayo ni mtu aliyekaa karibu.

Kuna jambo jingine ambalo limekuwa likinichoma, na nitalisema wazi. Vikundi vyetu vingi vya adungu leo vinaitwa kwa ajili ya hafla. Mradi unazinduliwa, mgeni rasmi anakuja, kikundi kinaambiwa kitunge wimbo juu ya vyoo, au chanjo, au mbegu bora. Maneno yanatoka ofisini. Kikundi kinaimba dakika tano juani, kinapewa soda na nauli, hotuba zinaanza. Vyoo ni muhimu na chanjo ni muhimu. Lakini kikundi kikiishi kwa wito wa namna hiyo miaka kumi, kinajua nyimbo 40 za miradi iliyokwisha na hakiwezi kumaliza mbili za babu zao. Siku mradi unapofungwa, ala zinatundikwa. Duara limegeuka kuwa mstari unaotazama jukwaa, na mwenye kulipa ndiye anayechagua wimbo.

Tena duara letu liko kwenye njia ya watu. Barabara ya lami inatoka Arua, inapita Maracha, inaingia Koboko na kuendelea hadi Oraba mpakani. Koboko yenyewe iko karibu na Salia Musala, mahali Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana, na Wakakwa wako katika nchi zote tatu. Watu wa pande hizi wanajua kuhama. Utawala wa Idi Amin, mwenyeji wa huku, ulipoanguka mwaka 1979, kisasi kilishuka juu ya West Nile nzima, na familia kwa maelfu zikavuka kwenda Kongo na Sudan, zikakaa huko miaka. Waliorudi walianza na jembe na paa, na hakuna wa kuwalaumu. Kisha, tangu Sudan Kusini ilipowaka, mkondo umegeuka: waliotupokea wamekuja kwetu, wakajaza Rhino Camp, Imvepi na Bidibidi, na Lobule wilayani Koboko wapo Wakongo.

Chombo cha mtu anayehama ni kile anachoweza kukitengeneza upya. Hapa adungu na ndugu zake wana bahati, maana vifaa ni mti, ngozi na uzi, na pasipo mti kijana huchukua debe. Bidibidi, wilayani Yumbe, kumejengwa jumba la sanaa kwa matofali ya udongo wa pale pale, paa lake likikusanya maji ya mvua kwa matumizi ya watu. Nalisifu sana jengo hilo, hasa kwa kuwa mjenzi aliona muziki na maji vinastahili paa moja. Lakini duara halingoji jengo. Linakaa chini ya mwembe.

Linachohitaji ni vitu vichache, na kila kimoja kipo Arua na kipo Koboko. Siku moja ya wiki isiyobadilika, kama vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vinavyokutana siku yao bila kukosa, mvua au jua. Kwa nini akiba ya nyimbo isitunzwe kwa nidhamu ile ile? Sanduku dogo la kununulia nailoni na ngozi. Mtu mmoja mwenye sikio la kuweka nyuzi sawa, na vijana wawili watatu wanaokaa karibu naye kila anapofanya hivyo, kwa sababu huyo akiondoka na sikio lake kikundi kizima kinanyamaza. Nafasi kwa wasichana, kwenye ala na si kwenye kuitikia peke yake. Nafasi kwa Mnuer na thom yake. Na sheria moja: kila kikao, kabla ya wimbo wowote wa kanisa au wa mradi, upigwe wimbo mmoja wa zamani mpaka mwisho, na aliyeuleta aseme aliupata kwa nani.

Redio nazo zina sehemu yao. Monroe asingejulikana bila Jumamosi usiku ya Nashville. Arua ina stesheni zake, Radio Pacis ikiwa hewani tangu 2004, na wasikilizaji wanaovuka mipaka miwili. Nawaomba wakuu wa vipindi saa moja tu kwa wiki, adungu moja kwa moja kutoka studio, makosa na yote, baada ya Lingala tunayoipenda sisi sote.

Na wewe msomaji, kama uko pande hizi, usingoje chama kianzishwe na wengine. Adungu ndogo hutengenezwa na fundi wa kawaida, si mbali na ulipo. Agiza moja. Ukishaipata usiitundike ukutani sebuleni. Mpe mtoto, umpeleke akakae ubavuni mwa mzee anayejua, Jumamosi hii.